Ile Niliyoweza Kuisukuma

Ghalani kwa Miluše, nje kidogo ya Strakonice,
pikipiki tatu zimesimama juu ya majani makavu
kama wachumba walioambiwa waoge kwanza.
Zote za mipigo miwili. Zote zimenizidi umri,
nami nina miaka arobaini na saba
na leseni ya siku tisa.

Ya kwanza nyekundu, silinda mbili,
tangi linang'aa hata nikayaona meno yangu ndani yake.
Niliipenda kabla sijaulizwa bajeti.
Miluše akanitazama viatu,
akailaza chini polepole, kama amlazavyo ng'ombe mgonjwa,
akasema, "Inua."

Mikono yangu ni ya mwoka mikate,
imekanda unga tangu utotoni;
nikainama, nikavuta,
mgongo ukatamka neno ambalo mama hakunifunza.
Nyekundu haikusogea hata kidole.
"Hiyo ni ya mtu mwingine," akasema,
"au ni yako, baada ya majira matatu ya baridi."

Ya pili ina wenzo mmoja wenye kazi mbili:
uuelekeze huku, unapiga kiki;
uurudishe kule, unabadili gia.
Ujanja huo ukanichekesha, nikaanza kuhesabu pesa mfukoni.
Miluše akafungua bomba la petroli juu ya kiganja changu.
Ikachuruzika rangi ya chai kavu.
"Kutu. Ukinunua tangi hili
umenunua na kila Jumapili ya kuzibua kabureta."

Basi ikabaki ya tatu.
Mia na ishirini na tano, kijani cha ukuta wa hospitali,
kiti kimeshonwa kwa uzi wa gunia.
Hakuna aliyewahi kuipiga picha.

Akanionyesha chupa ya jamu iliyochorwa kwa msumari:
oili hadi hapa, petroli thelathini na tatu mara hiyo.
Hilo nililielewa upesi kuliko mengine.
Ni chumvi kwenye kinyunga:
ukiipima sawa hakuna aitajaye,
ukiisahau, kijiji kizima kina maoni.
"Na ukiteremka mlima mrefu," akasema,
"usifunge moto kabisa ukaiacha ijishikilie kwa gia.
Oili yake husafiri na petroli. Ukiinyima kinywaji
inakauka koo ikizunguka, na pistoni inang'ang'ania.
Mpe tone. Mpe tone hata pale usipotaka kwenda."

Nikaenda kuijaribu.
Moshi wa buluu ukanifuata hadi kwenye mabwawa ya samaki,
kisha, mlima ukianza tu, ikakohoa, ikanyamaza.
Plagi imelowa. Spana ya plagi iko ghalani, mezani,
pale pale niliponyooshewa nikasema sihitaji.

Kilomita mbili na robo.
Nilisukuma nikipitiwa na trekta la Oldřich Vaněk
aliyenipungia kofia, asisimame.
Nilisukuma nikiitukana, kisha nikaacha
kwa sababu pumzi ilikuwa na kazi nyingine.
Karibu na kilele nikagundua jambo:
nimechoka, lakini bado inakwenda.
Nyekundu ingekuwa mtaroni sasa, na mimi chini yake.

Miluše alikuwa akimenya viazi mlangoni.
"Umeisukuma?"
"Nimeisukuma."
"Mlima wote?"
Sikujibu. Nikaonyesha shati.
Akafuta kisu kwa aproni, akataja bei,
akapunguza kidogo, akatia spana mfukoni mwangu bila kuniuliza.

Wenzangu kiwandani wanasema mikate yangu
siku hizi inanukia karakana. Waongo;
nanawa mara mbili.

Nyekundu bado naiota, sitadanganya.
Ndotoni ni nyepesi kama hamira.
Kisha saa kumi alfajiri, barafu juu ya kiti,
kiki ya kwanza: kimya.
Ya pili: kikohozi.
Ya tatu, dirisha la jirani linawaka taa,
naye anajua, na mbwa wake anajua,
kwamba mkate uko njiani.